Mdalasini Mlangoni

Mama yangu hakupanda mti hata mmoja pale bustanini. Miaka yote tuliyokaa kwenye nyumba ya mtumishi, juu kabisa ya bustani, pale kijito kinapoingia kutoka mlimani, alilima mchicha, maharage, matembele na ngogwe. Vitu vya msimu tu. Baba alimwambia apande hata mgomba mmoja, maana udongo ulikuwa mweusi na maji yanapita mlangoni. Mama akajibu kwamba ardhi ya kuazima haipandwi mti.

Alikuwa mtu wa Matombo, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na huko kwao ardhi ni ya ukoo wa mama. Mtu asiye wa ukoo anaweza kuazimwa kipande akalima, na kila mavuno anapeleka kidogo kwa wenye ardhi. Sehemu hiyo huitwa ngoto. Lakini akipanda kitu cha kudumu, mgomba au mfenesi au mdalasini, anakuwa ametangaza kwamba pale ni kwake. Wenye ardhi wakiuona mti huo wanaung'oa mapema. Wakiuacha, wamekubali. Hakuna kikao wala maneno. Mti wenyewe ndio unaosema.

Baba hakutoka milimani. Alizaliwa mbali, kule reli ya kati inakokaribia kuishia, akaja Morogoro kijana kutafuta kazi kwenye mkonge, na mwishowe akaajiriwa na halmashauri ya mji kutunza bustani. Kazi yake ilikuwa kupanda miti. Aliwachekesha wenzake kwa kusema, "Mimi nalipwa mshahara nipande miti, nyumbani nina mke anayeogopa mgomba." Mama aliposikia hivyo alicheka na yeye, kisha akaendelea kupalilia maharage yake.

Na ngoto aliilipa. Maharage ya kwanza yakikomaa, alifunga fungu kwenye kitambaa akanituma nishuke nalo hadi ofisini kwa bwana bustani, mkubwa wake baba. Yule bwana alipokea akacheka, akasema mwambie mama asante kwa mboga. Alidhani ni zawadi. Baba aliona aibu, akasema watu watafikiri tunahonga ili tusihamishwe. Mama aliniuliza neno moja tu nikirudi: "Amepokea?" Nikisema amepokea, aliridhika.

Bustani yenyewe ilikuwa na historia yake, na mimi niliipata kwa baba, kipande kipande, nikimfuata na kikapu cha majani makavu. Zamani sana pale palikuwa mawe tu. Mawe makubwa yaliyoteremka kutoka mlimani, mengine kama nyumba, na kijito kikipita katikati yake. Waluguru hawakupalima kwa sababu ya mawe. Wakati wa wakoloni mzungu mmoja wa serikali alipapenda, akawatumia wafungwa kupanga mawe madogo yawe ngazi na vijia, na akaleta miti ya nchi za mbali. Mwafrika aliingia mle akiwa na fagio au akiwa amebeba kiti cha mtu. Baba alisema alimkuta pale mzee mmoja aliyekuwa amezibeba zile ngazi akiwa mfungwa, na mzee huyo hakupenda kukaa juu yake hata akichoka.

Baada ya uhuru geti liliachwa wazi. Nadhani liliibwa baadaye, maana mimi sikulikuta, nilikuta nguzo mbili tu. Jumapili mchana watu walipanda kutoka mjini, wa kiwanda cha nguo, wa ngozi, wa magunia, watu wa kila mkoa, akina mama na kanga zao mpya na watoto waliopakwa mafuta. Maharusi walikuja kupiga picha kwenye daraja dogo la mawe. Sijui ni nyumba ngapi Morogoro zina picha ukutani ya bibi harusi amesimama mbele ya mianzi aliyoipanda baba yangu. Kuna mtu mmoja wa kiwanda cha nguo aliyekuwa akifanya zamu ya usiku. Asubuhi hakwenda kwake, kwa sababu chumba chake kilikuwa na watoto wengi. Alipanda bustanini akalala juu ya jiwe bapa chini ya mkuyu, kofia usoni. Baba alipofika hapo alifagia polepole ili asimwamshe.

Kazi kubwa ya baba ilikuwa maji. Alikuwa na mifereji midogo ya mawe na udongo wa mfinyanzi, na kila njia panda ya maji aliweka kijiwe bapa cha kuzibia. Asubuhi alitoa kijiwe cha upande wa kushoto, jioni cha kulia. Hakuziba mfereji mkuu hata siku moja, hata kiangazi kikali, kwa sababu chini ya bustani kulikuwa na akina mama wenye vitalu vya mboga waliotegemea maji hayo hayo. Alisema maji hayana mwenyewe, yana zamu tu. Nilijifunza vijiwe vyote. Hata sasa nikifumba macho naviona.

Mama alifariki katika uzazi, yeye na mtoto pamoja. Nilikuwa nimebakiza kidogo kumaliza shule ya msingi. Tulimpeleka kuzikwa kwao Matombo, kwa lori, na njia ile wakati wa mvua ni ya kusukuma kuliko ya kupanda. Nilibaki mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, na mdogo wetu wa kike, kitinda mimba, ambaye alikuwa bado hajaanza shule.

Siku ya kurudi, baba alibeba mche wa mdalasini kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Aliung'oa karibu na kaburi, kwa ruhusa ya wakwe. Aliupanda mlangoni, upande wa kushoto ukiwa unatoka. Nilikuwa nimeshika ndoo. Nilikumbuka maneno ya mama kuhusu ardhi ya kuazima, lakini niliyachukua kuwa ni maneno ya milimani. Hapa mjini, nilifikiri, wenye ardhi ni serikali, na serikali ndiyo hiyo iliyompa baba jembe. Tena huwezi kumwambia mtu aliyetoka kuzika asipande kitu. Baba alishindilia udongo kwa kiganja akasema, "Angalau na yeye awe na kitu hapa."

Bwana bustani alipita wiki ile ile, akauona mche, hakusema lolote. Katika mamia ya miti, huo ulikuwa mti mmoja zaidi. Wala ngoto hatukuipeleka tena. Mwenye kuikumbuka alikuwa mama.

Baba naye aliondoka katika masika. Maji ya mlimani yalibomoa mfereji mkuu, akashinda ndani ya maji akipanga mawe, siku ya pili tena, na kifua kikamkamata. Hospitalini alikuwa akihema kwa shida na hakuongea sana. Nilikuwa nimeingia kidato cha kwanza, sare yangu ilikuwa bado ina harufu ya dukani. Alitutazama mmoja mmoja tukiwa tumesimama kando ya kitanda, kisha akaniambia mimi: "Msitawanyike."

Hilo tu. Hakuniambia nitafanyaje.

Tulimzika Morogoro, kwa kuwa ndugu zake walikuwa mbali na barua zilichelewa kuwafikia. Bwana bustani, ambaye alikuwa mtu mwema, aliniita akanipa kazi ya baba kama kibarua. Alisema ajira rasmi hawezi, ila kibarua anaweza, na nyumba tutakaa maadamu kazi inafanyika. Nikarudisha vitabu vya shule. Mwalimu wa darasa alinishika bega akasema nirudi mambo yakitengemaa. Niliitika ndiyo, naye alijua na mimi nilijua.

Baada ya arobaini mjomba alikuja. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, na kwa desturi ya kwao, mjomba ndiye mwenye watoto kuliko hata baba. Alifika na mikungu miwili ya ndizi na koti lake la kanisani. Tulimwamkia, akaitika marahaba kwa kila mmoja, akakaa kwenye kigoda cha baba. Alitueleza bila kuzunguka kwamba amekuja kutuchukua. Kipande cha mama yetu kipo, kati ya kijito na njia ya kwenda misheni, anakipalilia yeye mwenyewe kisiwe pori. Watoto wa dada yake hawawezi kulelewa na halmashauri.

Nilimjibu kwa adabu. Nilimweleza habari ya kibarua. Nilimwambia mdogo wangu anasoma na walimu wanamsifu, na huyu mdogo kabisa ameandikishwa darasa la kwanza, na baba alituacha na neno moja. Nikamwambia neno lenyewe. Mjomba alisikiliza akikuna goti. Hakukubali, hakukataa. Akatoka nje kunawa mikono, nikamshikia birika. Hapo ndipo alipouona mdalasini, ambao wakati huo ulikuwa umenipita kimo.

"Nani kaupanda huu?"

"Baba."

"Lini?"

"Tulipotoka kumzika mama. Aliubeba kutoka kwenu."

"Na wenye ardhi wameuona?"

Nikamwambia bwana bustani hupita hapo mara kwa mara, ameuona tangu ukiwa mche.

"Wakasemaje?"

"Hawajasema kitu."

Mjomba alivunja jani, akalinusa, akalitia mfukoni mwa koti. "Basi mna kwenu," akasema. Akala, akalala, asubuhi akaondoka peke yake. Nilimsindikiza mpaka pale malori ya Matombo yanapopakia. Nilirudi nikipanda kilima nikilia kwa furaha, maana niliona nimeshinda. Tumebaki watatu, chini ya paa moja, kama tulivyoagizwa.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi ya mwanamume, na nilizoea. Vijana wa mjini walipopita walinipigia mluzi, "Bwana bustani kavaa sketi." Mdogo wangu wa kiume alitaka kuwarushia mawe. Nilimwambia mawe ya bustani yamepangwa, asiyapangue. Nyumbani yeye na mdogo wake walinibatiza jina la Halmashauri. Nikimtuma mtu kuchota maji wananong'ona, "Halmashauri imeamua." Jioni tulikaa mlangoni tukatafuna vijiti vya mdalasini, na kutoka hapo mji wote uko chini yako, mabati na reli, na mashamba ya mkonge yakiishia kwenye ukungu. Treni ikipita mdogo wetu wa kike alihesabu mabehewa kwa sauti. Sikuhitaji raha nyingine.

Hiyo ndiyo iliyokuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za kila harufu. Mitumba ikamwagwa chini sokoni na watu wakavaa suruali walizozitaka. Redioni kukawa na neno jipya kila mwezi, soko huria, mageuzi, ubinafsishaji. Sisi wa bustanini tuliyaona mageuzi kwa namna yetu. Kwanza Jumapili zilipungua watu. Halafu siku za kazi zikaongezeka watu. Wanaume wazima walipanda asubuhi, wakakaa juu ya mawe, kila mmoja na jiwe lake, wakitazama kule chini kwenye mapaa ya viwanda ambayo hayakuwa na moshi. Walikuwa wamepunguzwa kazini. Walivaa mashati ya kazi yaliyofuliwa na kupigwa pasi.

Yule mtu wa zamu ya usiku naye aliendelea kuja. Zamu haikuwepo tena, lakini alipanda saa ile ile ya asubuhi aliyozoea, akalala juu ya jiwe lake bapa. Siku moja nilimuuliza kama usiku hakulala. Akasema, "Nalala, mwanangu. Ila nyumbani wakiniona mchana wanaona haya kwa niaba yangu." Nikafagia polepole kama baba.

Kisha yule bwana bustani akapunguzwa naye. Alipanda kuniaga, akiwa amevaa kandambili, nami nilikuwa sijawahi kumwona na kandambili. Alisema mji hauna tena fungu la bustani, na kwamba kuna watu wanaitaka. Nikamuuliza wanaitaka waifanye nini, bustani si ipo? Akasema, "Binti yangu, sasa hivi kitu kikiwepo tu hakitoshi. Lazima kiingize."

Hawakukawia. Walikuja na kamba za kupimia na nguzo za mbao, ofisa kijana wa halmashauri na mwekezaji mwenyewe. Sitasema alikuwa mtu mbaya, maana hakuwa. Aliniamkia vizuri, akasifu mianzi. Alitaka kuweka baa pale juu penye mandhari, jiko la nyama choma, na geti la kiingilio. Nyumba ya mtumishi ndiyo ingekuwa jiko. Alisema mimi ninaweza kubaki kwenye kazi ya usafi, ila makazi nijitafutie.

Ofisa aliniuliza kama kuna mali yangu yoyote pale, ili iandikwe kabla kazi haijaanza. Nikampeleka mlangoni nikamwonyesha mdalasini.

Akatabasamu. "Huu mti umo kwenye eneo, dada."

"Aliupanda baba yangu."

"Baba yako alipanda miti yote hii. Utataka tuikate tukufungie?"

Wapimaji walicheka. Mwekezaji hakucheka, alitazama pembeni. Nikamwambia ofisa kwamba ile miti mingine yote aliipanda kwa mshahara, huu aliupanda kwa msiba, na bwana bustani aliyekuwepo aliuona akanyamaza. Nilisema hivyo nikiamini nimesema neno lenye nguvu. Nilikuwa nasema neno la mama, sheria ya Matombo, mbele ya kijana wa halmashauri mwenye kalamu sikioni. Alinitazama kama mtu anayesubiri umalizie. Kisha akasema tuna muda hadi mvua za vuli, akaenda kushika kamba.

Sikuvunjika moyo. Nataka hilo lijulikane. Jioni nilikaa na wadogo zangu nikawaambia tunahamia Matombo, kwenye kipande cha mama. Shule iko misheni. Mimi nitalima. Tutakuwa watatu vile vile. Mdogo wangu wa kiume akauliza, "Halmashauri imeamua?" Tulicheka wote. Asubuhi nikawaacha na unga wa kutosha, nikapanda lori.

Mjomba alikuwa amezeeka. Nilimkuta anaanika pilipili manga kwenye mkeka mbele ya nyumba. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamweleza yote tangu mwanzo, kamba za kupimia na jiko la nyama choma na mvua za vuli. Nikamwambia nimekuja kuomba kipande cha mama yetu.

Aliendelea kutandaza pilipili kwa kidole hadi nikadhani hakusikia. Mwisho akasimama, akachukua fimbo yake, akatangulia. Tulishuka mpaka kwenye kijito, tukavuka, na nilipatambua mahali hapo kabla hajanionyesha, kwa sababu mama alikuwa akitueleza kila mara, jiwe lenye mgongo kama ng'ombe aliyelala na njia ya misheni ikipita juu yake. Palikuwa na nyumba mpya ya udongo. Palikuwa na migomba iliyokwisha kuzaa, na kando ya migomba, mistari miwili ya midalasini michanga, imepaliliwa vizuri.

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "mimi niliona mti."

Sikuelewa mara moja. Akanieleza akiwa amesimama, bila kunitazama. Ukoo ulipokaa kugawa mashamba, waliuliza habari ya kipande cha marehemu. Ardhi imekuwa finyu, watu wanalima mpaka ukingoni mwa msitu wa serikali. Yeye akawaambia kwamba watoto wa dada yake wana kwao Morogoro. Ameuona kwa macho yake mti wa kudumu mlangoni, na wenye ardhi wameunyamazia. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na swali. Kipande kikapewa binti wa mama yetu mdogo, aliyeachwa na mume na watoto wengi.

"Mjomba, ule ulikuwa mti wa halmashauri."

"Mti unakuwaje wa halmashauri?" Sasa alinigeukia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Halmashauri ilimlilia mama yenu?"



Yule binti wa mama mdogo alikuwa ametoka nje. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, mtoto mgongoni na mwingine ameshika kanga yake. Nadhani alijua nilichokifuata tangu aliponiona na mjomba kwenye njia. Alinisalimu, akaniuliza habari za wadogo zangu kwa majina yao, kisha akamkabidhi mwanawe mkubwa yule aliyeshika kanga, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, hapa ni pa mama yako. Ukisema niing'oe miti hii, naing'oa."

Mjomba aliegemea fimbo yake. Nilielewa kwamba ananiachia mimi. Kama ningesema neno moja, angelisimamia, na ukoo ungekaa tena, na yule mwanamke angefunga vitu vyake. Nilitazama mistari ile miwili. Kila mche ulikuwa umewekewa majani ya mgomba shinani kuzuia jua, vile vile mama alivyofunika mashina ya ngogwe zake, namna ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwingine. Watoto wake walikuwa wamesimama mlangoni wakituangalia. Walikuwa wamesimama kwa kupangana, mkubwa hadi mdogo, kama sisi kando ya kile kitanda cha hospitali.

"Usiing'oe," nikasema.

Alipiga magoti pale pale kwenye udongo akanishika mikono. Nilimwinua. Jioni alileta mkungu mkubwa wa ndizi kwa mjomba, akasema ni wangu. Ilikuwa ngoto, ingawa hakuitaja hivyo. Niliipokea.

Mjomba hakuwa na ardhi nyingine ya kunipa. Alichoweza kilikuwa nafasi ya mtoto mmoja nyumbani mwake, amsomeshe misheni. Tuliporudi kuzungumza usiku ule alisema, "Mlete yule mdogo." Na kwa habari ya mdogo wangu wa kiume, rafiki mmoja wa baba aliyekuwa seremala Ngerengere, jirani na stesheni, alikuwa amesema siku ya msiba kwamba angempokea mtoto yeyote wa rafiki yake. Nilimwandikia. Akajibu aje.

Kwa hiyo tulitawanyika. Mimi ndiye niliyewafungia vitu vyao. Mdogo wangu wa kiume alipanda treni na msumeno wa baba wa kupogolea, akijifanya mtu mzima. Mdogo wetu wa kike alipoelewa kwamba mimi sibaki Matombo, hakulia. Aliniuliza, "Dada, nani atakuwa Halmashauri?" Nikamwambia mjomba. Akasema mjomba hajui.

Nilipanga chumba huku chini mjini, nikauza mboga. Kwa muda nilifanya ile kazi ya usafi niliyopewa, nikaiacha, si kwa kiburi, ila kila asubuhi nilipita kwenye mifereji na kukuta vijiwe vimesakafiwa kwa saruji, maji yote yamegeuzwa kwenye bwawa dogo la mapambo lenye taa. Akina mama wa vitalu vya chini walipanda kuja kuniuliza mimi, kana kwamba ni mimi niliyeziba. Ningewaambia nini. Mwaka uliofuata vitalu vile vilikuwa vumbi. Na waliokuwa wakikaa juu ya mawe hawakuonekana tena, kwa sababu ya kiingilio. Yule mtu wa zamu ya usiku nilimwona mara moja amelala kwenye baraza ya duka lililofungwa, kofia usoni.

Mdogo wangu wa kiume sasa ni fundi, yuko Dar es Salaam, ana watoto. Hutuma salamu na hutuma zaidi ya salamu, ni kijana mwema. Mdogo wetu wa kike ameolewa Matombo. Anaongea kwa mahadhi ya milimani kabisa, na nikienda kumtembelea ananitandikia kitanda chake, analala chini, ananichinjia kuku. Ananipenda. Lakini ndivyo mgeni anavyofanyiwa, na kila ninapomwona anakimbiza yule kuku nyuma ya nyumba, nalikumbuka lile neno la hospitalini.

Majuzi alikuja na watoto wake mjini, wakataka waone alikokulia mama yao. Tulipanda. Tulilipa getini. Muziki ulikuwa juu hata ungetusemesha tusingesikia. Mdalasini upo bado, mkubwa, nao uko pale pale kushoto kwa mlango, ambao sasa ni mlango wa jiko. Upande mmoja wa shina umebanduliwa magome mpaka kwenye nyama nyeupe. Kijana wa jikoni alituona tunautazama akasema kwa fahari kwamba pilau yao hainunuliwi viungo dukani. Mdogo wangu aliweka kiganja kwenye lile jeraha la mti, akanusa kiganja chake, kisha akawapa watoto wanuse mmoja mmoja. Tukashuka.

Nyuma ya chumba changu pana uwanja mdogo wenye udongo mzuri, na mwenye nyumba wangu, mama mtu mzima asiye na makuu, ameshaniambia mara nyingi nipande hata mpapai, tupate kula. Namwambia nitafanya. Nimepanda mchicha na maharage. Maharage ya kwanza yakikomaa, nafunga fungu kwenye kitambaa nampelekea mlangoni kwake. Hucheka, huniuliza ya nini yote haya, mwanangu, si ungeuza. Namwachia mkononi, nasubiri mpaka ashike.